Zana Nzuri na Zana Inayofundisha: Funzo Kutokana na Filamu Moja

Wanachuo wengi, wanapojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, hukesha wakipaka rangi chati zao. Bidii hiyo ni njema. Hata hivyo, yafaa tujiulize: je, kadiri zana inavyofanana na kitu chenyewe, ndivyo inavyofundisha zaidi? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuchunguza filamu moja ya bunilizi ya kisayansi iliyotokana na mchezo wa video.

Mchezo na filamu yake

Mwaka 1987 kampuni ya Square ya Japani ilitoa mchezo uitwao Final Fantasy, uliobuniwa na Hironobu Sakaguchi. Wahusika wake walikuwa vijipicha vya vidoto vya rangi, visivyo na sauti. Mchezaji aliwachagua mashujaa wanne, akawapa majina yeye mwenyewe, kisha akaamua waende wapi na wapigane vipi. Mchezo huo ulipendwa, ukafuatwa na mingine mingi.

Mwaka 2001 Sakaguchi aliongoza filamu ya Final Fantasy: The Spirits Within. Hadithi yake ni mpya, haikutoka katika mchezo wowote kati ya ile. Ni mwaka 2065, na dunia imevamiwa na mizuka iliyokuja na kimondo. Mwanasayansi Aki Ross anatafuta roho nane ziwezazo kuishinda mizuka hiyo, ilhali Jenerali Hein anataka kutumia mzinga mkubwa ulioko angani. Hakuna mwigizaji aonekanaye. Kila kitu kilichorwa kwa kompyuta, na watu wakafanywa wafanane na binadamu halisi. Kichwa cha Aki peke yake kilikuwa na nywele zipatazo 60,000. Kazi ilifanyika Honolulu, Hawaii, kwa miaka minne hivi, na iligharimu dola za Marekani zipatazo milioni 137. Mapato ya majumba ya sinema duniani kote yalikuwa kama milioni 85. Studio ilifungwa mwaka 2002.

Tunajifunza nini?

Hasara ile ilikuwa na sababu zaidi ya moja. Wahakiki wengi walizisifu picha lakini wakailaumu hadithi. Wengine walisema nyuso zile, kwa kuukaribia uhai bila kuufikia, ziliwatia ubaridi. Hali ya namna hiyo Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti, alikwisha kuieleza mwaka 1970.

Kwa mwalimu, lililo kubwa ni hili: kijipicha cha mchezo kilikuwa na upungufu, na mchezaji alikikamilisha kwa fikra na maamuzi yake. Katika filamu mtazamaji hakubakiziwa kazi ila kutazama. Vivyo hivyo, chati iliyokamilika kila upande huweza kumfanya mtoto aseme "nzuri," kisha anyamaze. Hapo mwalimu ndiye aliyejifunza, kwa kuwa ndiye aliyeichora.

Isidhaniwe kwamba zana hovyo ndiyo bora. Mchoro wa moyo sharti uwe na vyumba vinne. Usahihi ni wajibu wa mwalimu. Ukamilishaji uwe kazi ya mwanafunzi.

Mfano wa somo: Jua na Dunia

1. Wanafunzi wachore uwanjani, kwa kamba na kijiti, duara lenye upana wa sentimita 109. Hilo ni Jua.
2. Mmoja ashike punje ya hindi yenye upana wa sentimita 1 hivi. Hiyo ni Dunia.
3. Kabla ya kuwaambia lolote, waulize: "Dunia ikae wapi?" Kila kikundi kiweke alama yake na kitoe sababu.
4. Wapime kwa kamba mita 117, ambao ndio umbali unaolingana na vipimo hivyo.
5. Walinganishe na chati ya ukutani, waeleze kwa nini chati haiwezi kuuonyesha umbali huo.

Zana hapa ni kamba, kijiti na punje moja. Hatua ya tatu ndiyo moyo wa somo. Usiiruke kwa kuchelea muda.

Maswali ya majadiliano

1. Chukua zana moja uliyoitengeneza. Ni kazi gani uliyomwachia mwanafunzi?
2. Ni wakati gani picha iliyokamilika hufaa kuliko mchoro mwepesi? Toa mifano miwili.