Nianze na gunia la sukari?

Swali: Nina miaka 22, naishi Malava. Nataka mazoezi ya nguvu ya kubeba vitu vizito, ila jimu iko mbali. Gunia la kilo 50 lafaa?

Jibu: Liache kwanza, ndugu yangu. Chukua mitungi miwili ya lita 20, ujaze maji nusu: kama kilo 10 kila mkono. Kunja magoti unapoiinua, kisha tembea hatua 20, pumzika dakika mbili, urudie mara nne. Maji yatachezacheza na kukuyumbisha. Hapo ndipo kiuno kinafunzwa. Siku mbili kwa wiki zatosha. Na kama umeshinda ukikata miwa, siku hiyo lala tu. Na kupindua tairi la trekta? Labda baada ya miezi mitatu.