Kondo la Nyuma Chini ya Hadubini: Jina na Umbo Lake

Jina "kondo la nyuma" linautazama uzazi kwa macho ya mkunga. Mkunga humpokea mtoto kwanza, kisha hungoja kile kinachomfuata. Kisawe chake, "zalio", nacho chaelekea huko huko. Anayeyategemea majina haya pekee huenda akadhani kwamba kinachotajwa ni mabaki tu, kitu cha kufukiwa. Hadubini inasimulia mengine.

Kondo la mimba iliyotimia huwa na uzito wa takriban gramu 500 na upana wa sentimita 22 hivi. Kipande chake huhifadhiwa katika formalini, huondolewa maji, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba vya mikromita 5 hivi. Rangi mbili hutumika aghalabu: himatoksilini, inayovitia viini vya seli rangi ya samawati, na eosini, inayoyatia yaliyosalia rangi ya waridi.

Mwanafunzi atazamapo kwa mara ya kwanza huona visiwa vidogo vidogo vya waridi vilivyotapakaa penye uwazi. Hapa ndipo wengi hupotoka. Hivyo si visiwa bali ni vijitawi vya mti mmoja. Kichaka kikikatwa katikati kwa panga na kutazamwa kutoka juu, kila tawi litaonekana kama duara lililojitenga, ilhali shina lao ni moja. Ndani ya kila kijitawi mna kapilari zenye damu ya mtoto, iliyofika huko kwa kupitia kiungamwana. Uwazi ulio baina ya vijitawi ndimo inamopita damu ya mama. Vijitawi vyote vikikunjuliwa mwishoni mwa mimba, eneo lake hukadiriwa kuwa mita mraba 12 hadi 14, sawa na sakafu ya chumba.

Damu hizo mbili kwa kawaida hazichanganyiki. Ndugu wawili, William na John Hunter, walilidhihirisha hilo jijini London katika karne ya 18 kwa kudunga nta ndani ya mishipa. Kilichowatenganisha mama na mtoto hawakuweza kukiona barabara. Leo kinajulikana kwa jina la sinsitiotrofoblasti. Neno lenyewe linatisha, lakini linachokitaja si kigumu: ni ukuta usio na maungio. Seli zilizokuwa mbali mbali zimeungana, mipaka baina yao ikatoweka, na viini vingi vikabaki katika saitoplazimu moja. Ukuta wa matofali hupenywa penye maungio, huu hauna. Penye wembamba zaidi, umbali kati ya damu ya mama na ya mtoto ni mikromita 2 hadi 4 tu. Oksijeni, glukosi na kingamwili hupita kwenda kwa mtoto, na hewa ya kaboni pamoja na taka nyingine hurudi kwa mama.

Ukuta huu, hata hivyo, una adui wake. Mnamo 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walichapisha utafiti uliotokana na makondo ya akina mama wa magharibi mwa Kenya. Walionyesha kwamba chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea vya malaria hujinata kwenye kondo kwa kushika sukari iitwayo kondroitini salfeti A. Zikiisha kunata, hazizunguki tena mwilini. Kwa sababu hiyo, damu itolewayo kidoleni mwa mama huenda isionyeshe kimelea hata kimoja, naye asihisi homa, ilhali uwazi ulio baina ya vijitawi umejaa vimelea na rangi ya kahawia wanayoiacha. Mtoto huweza kuzaliwa na uzito pungufu. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwani mwili wa mama haujapata kuunda kingamwili dhidi ya vimelea wa aina hiyo. Na labda inafaa kukumbuka kwamba katika Kiswahili cha kale "kondo" ni vita pia.

Ndiyo maana katika sehemu za Ziwa na Pwani ya Kenya mama mjamzito hupewa kliniki vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini kwa vipindi, bila kungoja homa.