Sindano ya Kupima Uvimbe: Uliza Kabla Hujalala Kitandani

Una uvimbe shingoni au kwenye titi, na daktari wa hospitali ya Bwera au Kagando, wilayani Kasese, amekuambia upimwe kwa sindano. Sindano hii haiingizi dawa. Inatoa kitu cha kupimwa. Wala haigeuzi uvimbe wa kawaida kuwa saratani, hata majirani wakisema nini.

Ziko mbili. Nyembamba hunyonya seli, yaani chembe ndogo zinazojenga mwili, zikapakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini. Mara nyingi haina haja ya ganzi. Nene hukata kinyama kama kipande cha uzi, na hiyo utachomwa ganzi kwanza.

Nani atakuchoma? Ukimpata mwanapatholojia, daktari anayesoma ugonjwa ndani ya seli, ni bahati. Anaweza kutazama kioo papo hapo, na seli zikiwa hazitoshi anarudia kabla hujavaa shati. Vinginevyo utaitwa tena baada ya wiki kadhaa, nauli juu yako. Wagonjwa niliozungumza nao hulalamikia zaidi safari hiyo, na kutoelezwa lolote, kuliko maumivu yenyewe.

Wataalamu hawa ni wachache. Uliza kwanza hospitali za rufaa za Fort Portal, kilomita 75 hivi kutoka Kasese, na Mbarara. Ukitaka Hospitali ya Kilembe Mines, kumbuka mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2020 yaliiharibu; ulizia huduma iko wapi kabla ya kupanda boda.

Gharama? Serikali ya Uganda ilifuta malipo kwenye wodi za kawaida za hospitali zake mwaka 2001, lakini hospitali za misheni na za binafsi hutoza. Uliza bei ya kuchomwa na bei ya maabara kila moja peke yake, kisha dai risiti.

Mwambie daktari kama unatumia aspirini au dawa nyingine ya kuyeyusha damu. Kama hasemi Lhukonzo wala Kiswahili, nenda na mtu wa kukutafsiria. Baada ya sindano, bonyeza pamba dakika kumi. Alama ya bluu ni kawaida. Uvimbe ukizidi haraka au damu isipokoma, rudi siku hiyohiyo.

Ukikabidhiwa chupa ya kinyama uipeleke maabara mwenyewe, soma jina lililobandikwa kabla hujatoka mlangoni. Andika namba ya sampuli na tarehe ya majibu. Karatasi ikisema "seli hazitoshi", hujaambiwa kwamba uko salama: unatakiwa kupimwa tena.