Nembo ya Nchi ya Mpakani: Mwongozo kutoka Busia na Tororo

Mwalimu au kiongozi wa vijana anayetaka kufundisha uchoraji wa nembo ya taifa aanze na nchi ya kubuni, halafu aiweke mahali ambapo watu tayari wanaishi kama ndugu. Mahali pazuri kuliko Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, sipajui. Hadi mwaka 1902 miji yote miwili inayoitwa Busia leo ingekuwa ndani ya Uganda. Mwaka huo Waingereza walilikata eneo kubwa la mashariki mwa Uganda na kuliunganisha na himaya yao iliyokuja kuwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta wana serikali mbili, huku mashemeji, makaburi na masoko yao yakibaki yaleyale. Nchi yetu tuiite Mpakani. Andaa karatasi nyeupe, penseli, kifutio na rangi sita: nyekundu, buluu, kijani, nyeusi, manjano na nyeupe.

Hatua ya kwanza: zisome nembo za majirani

Nembo ya Uganda, iliyopitishwa mwaka 1962, ina ngao na mikuki. Ndani ya ngao kuna mawimbi juu, jua katikati na ngoma chini. Korongo mwenye taji na swala wanaishikilia, na chini yake pamechorwa Mto Nile, kahawa na pamba. Ya Kenya inashikiliwa na simba wawili, na katikati ya ngao yupo jogoo mwenye shoka. Ya Tanzania imewaweka mwanamume na mwanamke pembeni, na ndani ya ngao mna Mwenge, shoka na jembe.

Kisha toa sarafu mfukoni. Mtu wa Busia huwa na shilingi za nchi zote mbili, kwa hiyo somo hili halina gharama. Itazame nembo ya Kenya kwenye sarafu: simba unawaona mara moja, lakini mazao yaliyo miguuni mwao, kahawa, chai, mkonge, mananasi na mengineyo, huwezi kuyatenganisha. Nembo itakaa kwenye muhuri, kwenye kifungo cha sare na kwenye kichwa cha barua. Kisichoonekana hapo usikichore.

Jambo jingine: jogoo yule alikuwa alama ya chama cha KANU. Katika nembo ya Mpakani usiingize alama ya chama chochote, hata kama leo kinapendwa na kila mtu.

Hatua ya pili: tembea na daftari

Usikae darasani kuwaza simba. Nenda soko la Busia, nenda Malaba kwenye foleni ya malori, shuka hadi Sio Port wanakoanika omena. Andika vitu vinavyotumika pande zote mbili, na kila kitu ukiulize swali moja: mtu wa ng'ambo akikiona, atasema ni chake pia?

Orodha itajaa haraka. Kuna Mwamba wa Tororo, unaosimama peke yake juu ya mji na kuonekana kutoka mbali. Kuna Mto Sio na Mto Malaba. Kuna baiskeli ya bodaboda yenye mto wa kukalia juu ya keria, iliyovusha abiria na magunia hapa mpakani muda mrefu kabla ya pikipiki. Kuna gomesi, lile vazi la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, ambalo akina mama huvaa harusini na matangani upande wa Uganda na upande wa Kenya vilevile.

Hatua ya tatu: chagua kitu kimoja cha katikati

Hapa ndipo penye kazi. Usipaharakishe.

Wengi watataja chungu cha ajono, pombe ya wimbi ya Wateso. Chungu hukaa katikati, watu wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na ncha ya mrija ina kichujio kidogo kilichosukwa ili pumba zisipande. Chungu kimoja, mirija mingi: kama picha ya taifa, imekamilika. Nami ninaipenda kweli. Lakini Busia ina Waislamu na ina walokole, na nembo ya taifa huwekwa juu ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Raia asilazimishwe kubeba kinachomkera.

Basi rudi nyuma ya chungu, utafute kilichoingia humo. Ni wimbi. Wimbi hupikwa ugali, uji wa mtoto na wa mzazi aliyetoka kujifungua, na ndilo linalochachushwa kuwa ajono. Anayekunywa na asiyekunywa wote wanalilima. Tena suke lake lina vidole vilivyojikunja kwa ndani, umbo ambalo halimo katika nembo yoyote kati ya zile tatu. Mpakani imepata kiini chake.

Hatua ya nne: andika kabla ya kuchora

Wataalamu wa nembo hutegemea maelezo ya maneno, kwa sababu mchoraji yeyote mwenye maelezo hayo anaweza kuichora upya bila kuona mchoro wa kwanza. Andika hivi:

“Ngao nyekundu yenye suke moja la wimbi la manjano, vidole vitano; juu, ukanda mweupe wenye gurudumu jeusi la baiskeli; chini, mawimbi meupe na ya buluu.”

Mpe maelezo hayo mtu ambaye hakuwa nanyi, achore. Akikuuliza maswali mengi, kata kitu.

Hatua ya tano: rangi

Kanuni ya kale ya Ulaya bado inafaa. Manjano na nyeupe huhesabiwa kuwa madini, yaani dhahabu na fedha. Nyingine ni rangi. Usiweke madini juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Manjano juu ya nyekundu inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kijani juu ya buluu inazama.

Hatua ya sita: washikaji, ardhi na kaulimbiu

Simba tayari wako Kenya na korongo yuko Uganda, waache. Sheria ya Serikali za Kaunti ya Kenya ya mwaka 2012 hairuhusu hata alama ya kaunti kufanana na ya taifa, na huo ni utaratibu mzuri wa kuufuata hata katika zoezi. Ngao yetu ishikwe na wanawake wawili waliovaa gomesi, mmoja na jembe, mwingine na beseni la omena. Wasimame juu ya Mwamba wa Tororo.

Kaulimbiu iwe ya maneno mawili au matatu. Ukichagua Kiteso, Jopadhola wa Tororo watauliza; ukichagua Kisamia, Wateso watauliza. Kiswahili kinawafaa wote hapa. Ningeandika “Tupite Pamoja”.

Hatua ya saba: ijaribu kwa watu

Ichore kwa ukubwa wa sarafu, kwa kalamu nyeusi tu. Ipeleke sokoni upande wa Uganda, kisha vuka na kitambulisho chako uipeleke upande wa Kenya. Usiwaeleze kitu. Waulize wauza nafaka wanaona nini. Wakisema “wimbi”, ipake rangi. Wakisema “mkono”, vidole umevinyoosha mno: vikunje zaidi, ongeza punje pembezoni, shusha bua refu chini yake, kisha rudi kwao siku ya soko inayofuata.