Mdogo Wangu, Usimtoroshe Njiti Wodini

Mdogo wangu mmoja ameniandikia. Amejifungua njiti, yaani kabla ya siku, mtoto ana kilo 1.6, na mama mkwe anamshinikiza aombe ruhusa ili mtoto akalelewe nyumbani kama wenzake. Wodi imemchosha, lakini kuondoka kunamtisha.

Mdogo wangu, usiondoke bado. Pale wanangoja mambo ya maana: apumue vizuri bila oksijeni, anyonye au anywe kwa kikombe bila kupaliwa, na uzito uanze kupanda siku hadi siku. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 hana mafuta ya kutosha mwilini. Joto linamtoka upesi, na akipoa, nguvu za kukua zinaishia kwenye kujipasha. Akipata maambukizi anahitaji sindano kwa saa zake, na hizo huwezi kuhamia nazo chumbani kwako.

Ila kuna kazi ambayo hospitali haiwezi kuifanya bila wewe, nayo ni kangaroo, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Ilianzia Bogotá nchini Colombia mwaka 1978, katika hospitali ambayo mashine za joto hazikutosha. Utafiti wa nchi 5, Tanzania ikiwemo, ulichapishwa mwaka 2021: watoto wa uzito kama wa mwanao waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache zaidi, kwa karibu robo, kuliko waliosubirishwa mpaka watulie kwanza. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku.

Mvue mwanao, mbakizie nepi, kofia na soksi. Msimamishe katikati ya matiti, miguu ikunjwe kama ya chura, uso ugeukie upande, shingo isiinamie mbele wala isipinde sana nyuma. Kaza kitenge mpaka usawa wa sikio. Maziwa ukikamua, gusisha kikombe kwenye mdomo wa chini umwache alambe mwenyewe. Kummiminia ndiko kunakompalia.

Ukiruhusiwa, usiifungue kangaroo mlangoni. Iendelee nyumbani mpaka mtoto mwenyewe aanze kuhangaika kutaka kutoka. Na hapa nasema kwa msisitizo: mama peke yake hawezi. Baba ambebe wakati unaoga na kulala. Mama mkwe naye mpe zamu, maana nguvu anazotumia kukushinikiza zinafaa zaidi akiwa na mjukuu kifuani. Wageni wasubiri. Kitovu kisipakwe majivu wala chochote ambacho muuguzi hakukupa, na mtoto asipewe maji wala uji. Kama umeajiriwa, uliza kazini kuhusu likizo ya njiti. Sheria ya Tanzania kuhusu likizo hiyo ilirekebishwa mwaka 2025.

Mwombe muuguzi akuandikie tarehe ya kurudi kupima uzito, na mjulishe mhudumu wa afya wa mtaani kwenu apite nyumbani kabla ya hapo.

Lakini akikataa kunyonya, akipumua mbio mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea kwa ndani, akipata degedege, mwili ukiwa wa moto au wa baridi, viganja vikiwa vya njano, au akilegea mpaka umguse ndipo asogee, usingoje tarehe wala kumpigia shangazi kuuliza. Ondoka saa ile ile, hata usiku, ukiwa umembeba kifuani ngozi kwa ngozi, na kadi ya kliniki mkononi.