Somo la 6: Ndege Waliotua Juu ya Dhabihu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 15:7–18; 1 Wafalme 20:35–43; Nehemia 6:1–15; Marko 4:18, 19; Luka 10:38–42; Mathayo 14:22–33; Waebrania 12:1, 2.

Fungu la Kukariri: Waebrania 12:2. Liandike kwa mkono wako kutoka katika Biblia yako, ulibandike mahali utakapoliona kila asubuhi.

Ni washiriki wachache wanaoliacha kanisa kwa sababu wamekaa chini, wakapima mafundisho, wakayakataa. Wengi huondoka polepole. Kwanza ibada ya asubuhi inafupishwa kwa sababu kuna haraka. Kisha lesoni inasomwa Ijumaa usiku tu. Kisha Sabato moja inapita kwa sababu ya safari, na nyingine kwa sababu ya mgeni. Hakuna siku ambayo mtu huyo alisema, "Leo namwacha Yesu." Lakini ukimwuliza mara ya mwisho aliomba lini akiwa peke yake, hakumbuki.

Juma hili tunajifunza juu ya mambo madogo ya kila siku yanayouvuta moyo pembeni. Mengi kati yake si dhambi yanapotazamwa moja moja. Hata hivyo yanaweza kufanya kile ambacho mateso yameshindwa kufanya kwa wengi: kumtenga mwamini na Bwana wake bila kelele yoyote. Tutaona pia kwamba Mungu hajatuacha tupigane vita hivyo peke yetu.

*Jifunze somo hili kila siku kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI: Kazi ya Kuamia

Soma Mwanzo 15:7–11. Abramu alifanya nini baada ya kuandaa dhabihu, na kwa nini ilimlazimu kufanya hivyo?

Mungu alimwagiza Abramu atwae ndama, mbuzi, kondoo, hua na kinda la njiwa. Abramu alitii. Aliwapasua wale wanyama, akaviweka vipande vikielekeana. Tungetazamia Mungu ajibu mara moja. Badala yake walishuka ndege walao nyama. Biblia haisemi Abramu alingoja saa ngapi, ila inatuambia kwamba alibaki pale akiwafukuza.

Wakulima wa mkoa wa Singida hawahitaji kufafanuliwa picha hii. Mtama na uwele vinapoanza kuweka punje changa zenye maziwa, kazi ya shamba haijaisha. Ndipo kuamia kunapoanza. Mtu hupanda juu ya dungu alfajiri akiwa na kombeo na debe la kugonga, kwa kuwa kweleakwelea hula zaidi asubuhi na jioni. Ndege mmoja hafiki gramu 30, na kwa siku hula takriban gramu 10 tu za nafaka. Nani angemwogopa? Lakini ndege 1,000 hula kilo 10 kwa siku, na kundi la ndege milioni moja hula tani 10. Aliyelima vizuri, akapanda kwa wakati na kupalilia mara mbili, anaweza kukosa mavuno kwa sababu hakuamia.

Angalia mambo matatu katika habari ya Abramu. Kwanza, ndege walikuja baada ya utii, wala si kabla. Mtu aliyeandaa dhabihu yake kwa Mungu asishangae akiona usumbufu unaongezeka. Pili, walikuja katika muda wa kungoja, kati ya ahadi na jibu. Hapo ndipo wengi wetu tunachoka. Tatu, Abramu hakuweza kuwazuia ndege wasiruke angani. Wajibu wake ulikuwa kutowaacha watulie juu ya kile alichokwisha kumtolea Mungu.

Ni "ndege" gani hutua mara nyingi juu ya muda wako wa kuwa na Mungu? Wataje kwa majina katika sala yako leo.

JUMATATU: Huku na Huko

Soma 1 Wafalme 20:35–43. Askari wa mfano huu alipewa kazi gani, na alitoa udhuru gani?

Nabii alijigeuza sura kwa kujifunga kitambaa usoni, akamngoja mfalme Ahabu njiani. Alimsimulia habari ya mtu aliyekabidhiwa mateka vitani. Alipaswa kumlinda, mateka akikosekana, angelipa kwa maisha yake au kwa talanta ya fedha. Kisha mateka akatoweka. Sababu? Mlinzi alikuwa na shughuli huku na huko.

Mtu huyu hakulala usingizi. Hakupokea rushwa. Hakujiunga na adui. Alikuwa na kazi nyingi tu, ila hakuifanya ile moja aliyokabidhiwa. Ahabu alimhukumu bila kusita, kisha akagundua kwamba amejihukumu mwenyewe, maana naye alimwacha Ben-hadadi aende zake.

Mungu ametukabidhi nini? Wazazi wamekabidhiwa watoto. Nyumba nyingi siku hizi zina desturi mpya: baada ya chakula cha jioni, baba ana simu yake, mama ana yake, na kijana ameinamia ya kwake pembeni. Wote wapo, na hakuna aliye pamoja na mwenzake. Sala ya kulala inakuwa ya dakika moja, nayo inakatizwa na mlio wa ujumbe. Hatuwezi kusema simu ni mbaya. Wengi wetu tunasomea lesoni na Biblia humo humo. Lakini mtoto akiondoka nyumbani akiwa na miaka 18 bila kuwahi kumsikia baba yake akiomba kwa ajili yake kwa jina, udhuru wa shughuli huku na huko hautamrudisha.

Ni nini, au ni nani, Mungu amekukabidhi ambaye hawezi kulindwa na mtu mwingine kwa niaba yako?

JUMANNE: Mialiko ya Bonde la Ono

Soma Nehemia 6:1–15. Maadui wa Nehemia walimwalika mara ngapi, na jibu lake lilibadilika vipi?

Ukuta ulikuwa umekamilika isipokuwa milango. Ndipo Sanbalati na Geshemu walipomwita Nehemia wakutane naye katika bonde la Ono. Mwaliko ulionekana wa heshima, kumbe walikusudia kumdhuru. Walituma watu mara nne, na mara nne alijibu neno lile lile: ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Mara ya tano walileta barua ya wazi yenye uvumi kwamba anataka kuwa mfalme. Nehemia alikanusha kwa maneno machache, akamwomba Mungu aitie nguvu mikono yake, akaendelea kujenga. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Njia mbili zilitumika kumshusha: mwaliko na uvumi. Zote mbili bado zinafanya kazi. Mialiko huja kwa sura ya urafiki: mchezo wa kubahatisha "kwa elfu moja tu", tamthilia ambayo kila mtu anaifuatilia, kikao ambacho lazima kiangukie Ijumaa jioni. Uvumi nao huja kupitia makundi ya simu, ambamo jina la mzee wa kanisa au mwimbaji wa kwaya linajadiliwa hadi usiku wa manane. Mtu anayejibu kila neno linalosemwa juu yake hana saa ya kujenga.

Nehemia aliweza kukataa kwa sababu aliijua kazi yake. Asiyejua kwa nini Mungu amemweka mahali alipo ataona kila mwaliko ni sawa na mwingine. Tena, hakujibu kwa matusi. Mkristo anaweza kusema "hapana" kwa upole, na kuirudia mara nne ikibidi.

Kuna mwaliko gani ambao umeshaukataa mara moja au mbili, na sasa unaelekea kuukubali kwa kuchoka tu?

JUMATANO: Miiba Haiui Mbegu

Soma Marko 4:18, 19 na Luka 10:38–42. Yesu anataja mambo gani yanayolisonga neno? Martha alikosea wapi?

Mbegu iliyoanguka kwenye miiba iliota. Haikuliwa na ndege wala haikuunguzwa na jua. Iliendelea kuwa hai, ila haikuzaa. Hii ndiyo hali ya kutisha, maana mtu wa namna hiyo anaonekana kanisani, jina lake limo kitabuni, na pengine ana wadhifa.

Yesu hakutaja utajiri peke yake. Alianza na shughuli na mahangaiko ya dunia. Maskini naye anaweza kusongwa. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja. Ikichelewa, moyo wa mkulima haulali. Bei ya alizeti ikishuka wakati ada ya shule inadaiwa na marejesho ya kikoba yamefika, si jambo la kubeza. Anayemwambia ndugu huyo "usihangaike" halafu akaondoka, hajamsaidia. Yesu hakumkemea Martha kwa sababu alipika. Chakula kilihitajika, na Yesu mwenyewe alikula katika nyumba nyingi. Alimwonyesha kwamba mahangaiko yamemfanya amwone Bwana kama mtu anayechelewesha kazi, na ndugu yake kama mzembe.

Wanaolima katika vichaka vya upande wa Itigi wanajua kwamba kufyeka miiba juu juu hakutoshi. Visiki huchipua tena. Ni lazima kung'oa. Vivyo hivyo, kupunguza shughuli kwa juma moja la maombi hakutoshi kama mzizi umebaki, yaani ile imani ya siri kwamba kila kitu kinanitegemea mimi. Sabato ni shoka la Mungu kwenye mzizi huo. Kila juma, jua la Ijumaa linapozama, tunaacha kazi ambayo haijaisha, na kwa tendo hilo tunakiri kwamba Mungu ndiye anayeshikilia maisha yetu.

Unapoingia Sabato, je, mikono yako peke yake hupumzika, au na moyo pia? Ni hangaiko gani unaloliingiza nalo kanisani?

ALHAMISI: Abramu Alipolala

Soma Mwanzo 15:12–18. Jua lilipokuwa likizama, ni nini kilimpata Abramu? Ni nani aliyepita kati ya vile vipande?

Mwamini mwaminifu anaweza kufika hapa akiwa amekata tamaa. "Nimejaribu. Napiga magoti, dakika tatu hazijapita mawazo yako sokoni." Msikilize Mungu. Yule Abramu aliyewafukuza ndege, mwishowe alishikwa na usingizi mzito. Hakuweza hata kusimama. Ndipo Mungu alipokuja. Tanuru ya moshi na mwenge wa moto vilipita kati ya vile vipande. Katika agano la namna hiyo, wahusika ndio waliopita. Hapa Abramu hakupita. Mungu alijifunga mwenyewe.

Kwa hiyo tusigeuze kuamia kuwe ndiyo wokovu wetu. Tunawafukuza ndege kwa sababu tunaithamini ahadi, lakini ahadi yenyewe inasimama kwa uaminifu wa Mungu.

Soma Mathayo 14:28–31. Petro aliuona upepo akaanza kuzama. Jicho lake lilihama kwa kitambo tu. Lakini alipolia, Yesu alinyosha mkono mara moja. Hakumngojesha mpaka ajue kutazama vizuri. Waebrania 12:2 inatuelekeza kwa Yesu huyo huyo, aliyeianzisha imani yetu na atakayeitimiliza. Mawazo yakitangatanga katikati ya sala, usiivunje sala kwa kujilaumu. Yarudishe. Yakiondoka tena, yarudishe tena.

Kujua kwamba Mungu ndiye aliyepita kati ya vipande kunabadilishaje namna unavyojiona unaposhindwa kuomba kwa utulivu?

IJUMAA: Mawazo ya Ziada

Soma Danieli 6:10 na Marko 1:35–38, kisha sura inayohusu sala katika kitabu *Njia Salama* cha Ellen G. White.

Danieli alikuwa kiongozi katika serikali kubwa, lakini alikuwa na chumba, dirisha na nyakati tatu kwa siku. Yesu aliondoka alfajiri, kabla watu hawajaanza kumtafuta. Hakuna kati yao aliyengoja shughuli zipungue.

Waanzilishi wetu pia hawakungoja. Mwaka 1852 James White aliandika masomo ya kwanza ya Shule ya Sabato akiwa safarini kwa gari la farasi huko Marekani. Farasi alipokuwa akilishwa kando ya njia, yeye aliandika, akitumia kofia au kisanduku cha chakula kuwa meza. Lesoni unayoishika leo ilianza hivyo, katika vipande vya muda vilivyookolewa.

Juma hili fanya jambo moja: chagua saa na mahali, waambie watu wa nyumbani, na simu uiache chumba kingine.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya shughuli halali na shughuli inayolisonga neno? Mtu ataitambuaje mapema?

2. Mshiriki mwenzetu hajaonekana kwa Sabato tatu wakati wa mavuno. Darasa lenu lifanye nini ili asihisi anahukumiwa, wala asisahaulike?

3. Vijana wanasomea Biblia kwenye simu. Wazee wanaona hilo ni usumbufu. Pande zote mbili zisaidianeje?

4. Eleza kwa maneno yako: kwa nini Abramu aliwafukuza ndege, ikiwa agano lilitegemea uaminifu wa Mungu?