Bunduki iliyotumika: chungulia mtutu kwanza

Swali: Nina kibali cha kuwinda, na mzee mmoja hapa Arusha ananiuzia bunduki yake ya .375 H&H. Nje inang'aa. Nitajuaje kama ni nzima?

Jibu: Linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya leseni yake. Zikitofautiana, ondoka. Zikilingana, usitoe fedha kabla polisi hawajaidhinisha umiliki.

Mng'aro wa nje usikudanganye, ndugu yangu. Kaliba hii ipo tangu 1912, na bunduki nyingine zimepita mikono mingi. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti, chungulia mtutu kutokea nyuma ukielekea mwangani. Mifereji iwe na kingo kali, bila vishimo vya kutu. Mdomo wa mtutu ukiwa na pengo, risasi hupotoka. Kagua mbao nyuma ya bolti: kishindo cha kaliba hii huipasua.

Fundi wa silaha akiridhika, nenda uwanja wa shabaha. Egemeza bunduki, piga risasi tatu kwa mita 100, ukiacha mtutu upoe. Okota maganda. Lililopasuka ni onyo la hatari. Acha kupiga papo hapo. Risasi zikitawanyika zaidi ya upana wa kiganja ilhali skrubu za darubini zimekaza, usiinunue. Bunduki kama hiyo hujeruhi bila kuua, na nyati aliyejeruhiwa huteseka, na huua watu.